Kiraka kama Hati: Historia ya Kurekebisha Bati Lililoliwa na Kutu katika Magari ya Kale ya Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Mtu akikwangua polepole rangi ya mlango wa gari lililoundwa miaka ya 1960 na kutumika Afrika Mashariki hadi leo, mara nyingi hafiki kwenye chuma kwa mkupuo mmoja. Hukuta rangi juu ya rangi, kisha tabaka la puti. Chini ya puti hukuta kiraka cha bati, na pembeni mwa kiraka hukuta mshono wa gesi au alama za nyundo. Mnunuzi huyaita hayo dosari, na mwamuzi wa mashindano ya magari ya kale huyapunguzia alama. Insha hii inayasoma kama mwanahistoria anavyosoma hati: nani aliyaandika, lini, kwa nyenzo gani, na katika mazingira gani ya kiuchumi.

Hoja kuu ya insha hii ni kwamba, katika magari ya kale ya Afrika Mashariki, kiraka ni ushahidi wa kihistoria wenye uzito sawa na bati la kiwandani. Gari lilibuniwa na kuundwa Wolfsburg, Sochaux au Solihull, lakini kiraka kiliundwa Gerezani, Kamukunji, au chini ya mwembe pembezoni mwa barabara. Kwa hiyo anayekata kiraka na kukitupa ili gari lirudi kuwa kama lilivyotoka kiwandani hufuta sehemu ya historia iliyoandikwa hapa. Hata hivyo, insha haitetei kila kiraka. Vipo viraka vinavyoficha hatari, na mjadala wa uhifadhi usiozingatia uhai wa abiria hauna maana.

Fasihi iliyopo imetayarisha njia ya uchunguzi huu. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka 1972 iliifanya sekta isiyo rasmi kuwa suala la kitaaluma. Kenneth King, katika vitabu vyake vya mwaka 1977 na 1996, alifuatilia namna ufundi ulivyopita kutoka karakana za mafundi wenye asili ya Kihindi kwenda kwa mafundi Waafrika, na namna jua kali ilivyokua. Joshua Grace, katika kitabu chake cha mwaka 2021 kuhusu magari nchini Tanzania, ameonesha kwamba gereji bubu zilikuwa mahali pa kuzalisha maarifa ya kiteknolojia, na si mahali pa kubahatisha tu. Kazi hizo zimejikita zaidi katika watu, mafunzo na sera. Insha hii inaongeza chanzo kingine, nacho ni bati lenyewe.

Baada ya utangulizi huu, sehemu ya pili inaeleza kwa nini bodi ya gari la kale huliwa na kutu. Sehemu ya tatu inaeleza mbinu za ukarabati na namna zinavyoweza kutumika kukadiria umri wa kiraka. Sehemu ya nne inasoma aina tatu za magari, na ya tano inakiweka kiraka katika historia ya uhaba. Sehemu ya sita inajadili mgogoro wa urejeshaji, kisha hitimisho linafuata.

2.0 Historia ya muundo na asili ya kutu

Kutu haikuliingia gari kwa bahati mbaya. Mahali inapoanzia palipangwa, bila kukusudiwa, na historia ya muundo wa bodi. Magari ya mwanzo wa karne ya 20 yalifuata ufundi wa magari ya farasi: fremu ya mbao iliyofunikwa kwa bati, ikawekwa juu ya chasisi ya chuma. Adui wa bodi hiyo alikuwa kuoza kwa mbao na kulegea kwa viungo. Bati lilikuwa ngozi tu, na ngozi iliyoharibika iling'olewa na kubandikwa nyingine.

Mageuzi yalianzia Philadelphia, Marekani, ambako Edward G. Budd alianzisha kampuni yake mwaka 1912. Kampuni hiyo ilitengeneza bodi za chuma kitupu kwa kubonyeza bati kwenye mashine kubwa na kuunganisha vipande kwa kuchomelea. Ndugu wa Dodge walikuwa miongoni mwa wateja wake wa mwanzo. Huko Ulaya, André Citroën alichukua teknolojia hiyo katika miaka ya 1920, na mwaka 1926 kampuni ya Pressed Steel ilianzishwa Cowley, karibu na Oxford, kwa ushirikiano wa William Morris na Budd. Mwaka 1934 Citroën ilitoa gari la Traction Avant, lenye bodi inayojibeba yenyewe bila chasisi ya kutenganishwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mtindo huo ulienea katika magari mengi madogo.

Bodi inayojibeba hupata nguvu yake kutokana na maboksi yaliyofungwa: vizingiti vya chini ya milango, nguzo za pembeni na mihimili ya sakafu. Kila boksi huundwa kwa mabati mawili au matatu yaliyobanwa kingo zake na kuchomelewa kwa nukta. Kati ya nukta moja na nyingine hubaki mwanya mwembamba unaovuta maji kama utambi unavyovuta mafuta. Ndani ya boksi rangi ya miaka hiyo ilifika kwa shida au haikufika kabisa. Hivyo, muundo uliolifanya gari kuwa jepesi na imara ndio pia uliojenga vyumba vya giza ambamo kutu ilianza kazi yake mbali na macho ya mwenye gari.

Kikemia, kutu huhitaji chuma, maji na oksijeni. Chumvi huiharakisha kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi. Aidha, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Inapoota kati ya mabati mawili yaliyobanwa, huyasukuma na kuyatanua, na mwanya huongezeka. Uvimbe mdogo wa rangi unaoonekana nje, kwa hiyo, huwa ni mwisho wa safari ndefu iliyoanzia ndani. Methali ya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta hapa ina maana ya moja kwa moja: tundu la ukubwa wa sarafu kwenye kizingiti mara nyingi huashiria kwamba kizingiti chote kimekonda.

Mazingira ya Afrika Mashariki yaliongeza mambo mawili. La kwanza ni hewa ya bahari ya Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, ambayo hufanya kazi ya chumvi inayomwagwa barabarani Ulaya wakati wa baridi. La pili ni barabara ya murramu. Mawe yake hukwangua rangi ya chini ya gari, mitetemo yake hupasua bati kwenye viungo, na vumbi lake huingia kwenye maboksi na kuziba matundu ya kutolea maji. Mvua za masika zinapofika, vumbi hilo hugeuka tope linalokaa na unyevu kwa majuma mengi. Gari la bara na gari la pwani, hata kama yana umri mmoja, hayaliwi mahali pamoja wala kwa kasi moja.

Viwanda vilichelewa kulijibu tatizo hili. Kampuni ya Porsche ilianza kutumia bati lililopakwa zinki pande zote mbili kwa gari lake la 911 katika toleo la mwaka 1976, na Audi ilifuata kwa bodi nzima katika miaka ya 1980. Magari ya kale yanayojadiliwa hapa yalitangulia hatua hizo. Yaliletwa yakiwa na ugonjwa ndani yake, na tiba ikaachiwa fundi bodi.

3.0 Nyundo, moto, lihamu na puti: mbinu kama tarehe

Mbinu za ukarabati wa bodi zilikuja kwa awamu. Kwa sababu hiyo zinaweza kumsaidia mtafiti kukadiria umri wa kiraka, kama vile aina ya karatasi na wino inavyosaidia kukadiria umri wa barua.

Mbinu ya msingi ni kunyoosha kwa nyundo. Fundi huweka kipande kizito cha chuma upande wa nyuma wa bati, kisha hugonga upande wa mbele. Akigonga moja kwa moja juu ya kipande hicho, bati hutanuka. Akigonga pembeni yake, bonde huinuka na kilima hushuka. Kunyoosha bila kutanua ndicho kipimo cha fundi aliyeiva. Bati lililotanuka sana hubonyea na kurudi kwa mlio, na dawa yake ni moto: fundi hupasha nukta ndogo hadi iwe nyekundu, huigonga kidogo kuizunguka, kisha huipoza kwa kitambaa chenye maji. Nukta hiyo hujikunja na kulivuta bati lililoizunguka. Kazi ya namna hii huacha upande wa ndani madoa ya mviringo na alama za nyundo zilizopangika. Mtafiti anayeziona hujua kwamba hapa palikuwa na mkono uliofunzwa.

Mbinu ya pili ni kuchomelea kwa gesi. Tochi ya oksijeni na asetilini ilibuniwa Ufaransa mwaka 1903 na Edmond Fouché na Charles Picard, na mwali wake hupita nyuzijoto 3,000 za Selsiasi. Bati la bodi lina unene wa takribani milimita 0.8 hadi 1, hivyo fundi asipokuwa mwepesi hulitoboa au kulipinda. Ndiyo maana hupiga kwanza nukta chache zilizoachana, akihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine ili joto lisirundikane. Namna ya kuunganisha nayo ina habari. Kiraka kilichokatwa kulingana na tundu na kuunganishwa ukingo kwa ukingo kilihitaji muda na ustadi. Kiraka kilichopandishwa juu ya bati la zamani kilikuwa cha haraka, na mwanya uliobaki kati ya mabati hayo mawili ulianza kuvuta maji upya. Kiraka cha namna hiyo huzaa kiraka kingine, na si ajabu kukuta vitatu mahali pamoja.

Mbinu ya tatu ni kujaza. Kabla ya puti, mabonde yalijazwa kwa lihamu, mchanganyiko wa risasi na stani ambao kwa kazi ya bodi huwa takribani asilimia 70 ya risasi na 30 ya stani. Mchanganyiko huo huanza kulainika kwenye nyuzijoto 183 na hauyeyuki wote hadi ufike karibu 255. Katikati ya viwango hivyo huwa kama udongo wa mfinyanzi, na fundi huusambaza kwa kibao cha mti mgumu kilichopakwa mafuta. Kazi hii ina sumu, hasa vumbi la risasi linapopigwa msasa. Mtafiti anapaswa pia kujihadhari na kosa moja: viwanda vyenyewe vilitumia lihamu kufunika mishono ya paa na nguzo. Lihamu iliyokutwa kwenye mshono wa kiwandani si ushahidi wa ajali wala wa ukarabati.

Puti ya poliesta, inayochanganywa na kigumushi na kukauka kwa dakika chache, ilitokea Marekani katikati ya miaka ya 1950, ikaenea duniani kwa sababu haihitaji moto, ni rahisi kupiga msasa, na hujifunzwa haraka. Ilipofika, uzito wa ufundi ulihama kutoka kwenye bati kwenda juu ya bati. Fundi aliyekuwa akinyoosha hadi unene wa kucha aliweza sasa kunyoosha nusu na kujaza nusu. Puti nyembamba juu ya bati zima haina ubaya. Ubaya uko kwenye puti iliyojazwa juu ya kutu au juu ya tundu lililozibwa kwa gazeti na wavu, kwa kuwa unyevu hupita kwa nyuma na kutu huendelea kula chini ya rangi inayong'aa.

Mbinu hizi zikipangwa kwa wakati, zinampa mtafiti mpaka wa chini wa tarehe: puti ya poliesta haiwezi kutangulia katikati ya miaka ya 1950. Mpaka wa juu ni mgumu zaidi, kwa kuwa mbinu ya zamani haifi siku mpya inapozaliwa. Tochi ya gesi bado inawaka katika gereji nyingi hadi leo. Kwa hiyo bati lisisomwe peke yake. Lisomwe pamoja na kadi ya gari, picha za familia, stakabadhi na masimulizi ya mafundi.

4.0 Magari matatu, kutu tatu

4.1 Volkswagen ya mgongo wa kobe

Volkswagen hii ilijijengea jina Afrika Mashariki mapema, na ushindi wake katika mbio za Safari za mwaka 1954, 1957 na 1962 uliongeza sifa yake. Kwa fundi bodi, fadhila yake kubwa ilikuwa madigadi yaliyofungwa kwa boliti. Digadi lililogongwa lilifunguliwa, likanyooshwa juu ya fuawe au kubadilishwa, likarudishwa bila moto. Udhaifu wake ulifichika kwingine. Bodi imekaa juu ya sakafu kwa boliti, na chini ya milango kuna mabomba makubwa ya bati yanayopitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini. Mabomba hayo ndiyo pia vizingiti vinavyobeba bodi. Yakila kutu, milango huanza kukataa kufunga. Vilevile, betri hukaa chini ya kiti cha nyuma, na asidi inayovuja huila sakafu iliyo chini yake. Kwa hiyo gari ambalo sakafu yake ina kiraka upande wa betri tu lina historia tofauti na lile lenye viraka kote: la kwanza liliunguzwa na asidi, la pili lililoweshwa na maji.

4.2 Peugeot 404

Peugeot 404 ilitoka mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina. Ilishinda Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na 1968 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na mara zote mbili 404 ndiyo iliyotangulia. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva mkazi wa Tanzania. Sifa hiyo ilichangia 404 kuwa gari la teksi, la abiria wa masafa marefu na la familia. Lakini bodi yake inajibeba, na uimara wa injini na springi haukuwa kinga dhidi ya kutu. Injini iliendelea kudai kuishi wakati vizingiti vimeshachoka. Tofauti hiyo kati ya umri wa injini na umri wa bati ndiyo iliyompa fundi bodi kazi ya miongo mingi: gari liliokolewa kwa sababu moyo wake ulikuwa mzima.

4.3 Land Rover

Land Rover ilizinduliwa katika maonesho ya Amsterdam mwaka 1948. Chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kibali nchini Uingereza baada ya vita, hivyo bodi ilitengenezwa kwa aloi ya alumini. Mbavu zake, yaani chasisi na ukuta ulio kati ya injini na abiria, zilibaki za chuma. Matokeo yake ni gari ambalo ngozi yake haishiki kutu ya kawaida ilhali mifupa yake inaoza. Tena, alumini na chuma vinapogusana penye maji ya chumvi, alumini huliwa na kugeuka unga mweupe kuzunguka boliti na riveti. Hali hii huonekana zaidi pwani.

Alumini ilimdai fundi maarifa mapya. Haigeuki nyekundu kabla ya kuyeyuka, nayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 tu, kwa hiyo jicho lililozoea chuma hudanganyika. Njia moja inayojulikana katika karakana nyingi duniani ni kupaka sabuni juu ya bati na kulipasha hadi sabuni igeuke rangi ya kahawia iliyoiva. Hapo alumini imelainika na inaweza kugongwa bila kupasuka. Kipande cha sabuni kinafanya kazi ya kipimajoto. Ni mfano mdogo, lakini unatosha kupinga dhana kwamba fundi asiye na vifaa vya maabara hana vipimo.

5.0 Uchumi wa kiraka

Kiraka kinaelezwa pia na historia ya fedha. Nchini Tanzania, kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973 na 1979, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilifuatana na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Vipuri vilikuwa adimu na gari jipya lilikuwa ndoto kwa watu wengi. Katika mazingira hayo, mlango mpya wa Peugeot haukuwa chaguo. Chaguo lilikuwa kunyoosha uliopo, kutoa kwenye gari lililokufa, au kuunda.

Bati la kuundia lilitoka kwenye vitu vilivyokwisha kazi yake ya kwanza. Pipa la mafuta la lita 200 lilifaa zaidi, kwa kuwa unene wake wa takribani milimita 1 unakaribiana na wa bodi. Debe ni jembamba mno kwa mshono wa gesi. Bati la kuezekea lina zinki, na zinki inapounguzwa hutoa moshi mweupe unaomtia mvutaji homa. Uchaguzi wa pipa, kwa hiyo, ulikuwa uamuzi wa kitaalamu uliozingatia unene, uwezo wa kuchomeleka na afya ya fundi mwenyewe. Kiraka chenye mabaki ya rangi ya pipa upande wake wa ndani kinatoa ushahidi wa uamuzi huo.

Lugha ya kazi hii nayo ni chanzo. Maneno ya vifaa na malighafi, kama vile bodi, puti na gesi, mengi yametoka Kiingereza. Maneno ya matendo yametoka kwingine. Kunyoosha ni neno la nguo na pasi, na kiraka ni cha shati kabla ya kuwa cha gari. Vifaa vilikuja na majina yake, lakini kitendo cha kuvitumia kilieleweka kwa maarifa ya nyumbani yaliyokuwapo. Fundi aliyemwambia mwanagenzi wake "weka kiraka hapa" alikuwa akiliita gari kwa lugha ya fundi cherehani, na mwanagenzi alielewa mara moja kwamba kazi ni kurefusha maisha ya kitu kisichoweza kununuliwa upya.

Kuanzia mwaka 1984, Tanzania ilipoanza kulegeza masharti ya uagizaji kwa wenye fedha zao za kigeni, na baadaye magari yaliyotumika kutoka Japani yalipoongezeka, hesabu ilibadilika. Mlango uliotolewa kwenye gari jingine uliweza kuwa nafuu kuliko siku tatu za fundi wa nyundo. Ustadi wa kuunda bati ulibaki mikononi mwa wazee wachache, na mwanagenzi alijifunza zaidi kupiga puti na rangi. Upotevu huu hauonekani katika takwimu za uagizaji, lakini unaonekana kwenye bati: viraka vya awamu ya uhaba mara nyingi vimekatwa kwa uangalifu kuliko vilivyofuata.

6.0 Mgogoro wa urejeshaji

Leo magari haya yana thamani mpya. Mashindano ya umaridadi wa magari jijini Nairobi, yanayoandaliwa na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo, yamekuwapo tangu mwaka 1970, na mbio za Safari za magari ya kale zilianza mwaka 2003. Kadiri thamani inavyopanda, ndivyo mwenye gari anavyotaka lirudi "kama lilivyotoka kiwandani". Viraka vyote hukatwa, bati jipya huagizwa ng'ambo, na yaliyokatwa huuzwa kama chuma chakavu kwa kilo.

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, liliidhinisha mwaka 2012 Hati ya Turin, inayofuata nyayo za Hati ya Venice ya mwaka 1964 kuhusu majengo ya kale. Msimamo wake wa jumla ni kwamba uhifadhi utangulie urejeshaji, kwamba mabadiliko yanayotokana na historia ya gari yana thamani yake, na kwamba kazi inayofanywa iwekewe kumbukumbu. Kwa msimamo huo, kiraka cha pipa cha miaka ya 1970 kina haki ya kusikilizwa. Lakini haki hiyo haijitekelezi yenyewe. Macho ya waamuzi wengi bado yamefunzwa kutafuta ung'avu.

Upande wa pili wa mgogoro ni usalama. Katika bodi inayojibeba, kizingiti ni muhimili. Kizingiti kilicholiwa na kufunikwa kwa puti hakibebi kitu, na gari likigongwa ubavuni hukunjika mahali pale pale palipofichwa. Mtafiti anayependa ushahidi wa kihistoria hana haki ya kumwomba abiria auhifadhi kwa maisha yake. Hapa ndipo utofautishaji unapohitajika. Kiraka cha digadi, boneti au ngozi ya mlango hakibebi mzigo, hivyo kinaweza kubaki baada ya kusafishwa na kuzuiwa kutu. Kiraka cha kizingiti, nguzo au mhimili wa sakafu kikaguliwe kwa kugongwa na kuchomwa kwa ncha ya chuma. Kikiwa kimechoka kikatwe, na kazi mpya ifanywe ukingo kwa ukingo kwa bati la unene uleule.

Kukata hakulazimu kufuta. Insha hii inapendekeza hatua nne kabla na baada ya kukata. Kwanza, kupiga picha za pande zote mbili za kiraka kabla ya msasa. Pili, kukwangua sehemu ndogo kwa ngazi ili tabaka zote za rangi, puti na bati zionekane kwa mfuatano. Tatu, kukihifadhi kipande kilichokatwa na kukiandikia namba ya gari, mahali kilipotoka na tarehe. Nne, kupiga muhuri mdogo wa mwaka kwenye bati jipya, mahali pasipoonekana, ili mtafiti wa kesho asilidhanie kuwa la kiwandani. Hatua hizi hazihitaji maabara. Zinahitaji simu yenye kamera, daftari, seti ya nambari za chuma, na fundi aliyeelezwa kwa nini zinafanywa. Inafaa pia jina lake liandikwe kwenye daftari hilo, ikiwa ameridhia, maana mafundi waliomtangulia hawakuandikwa popote isipokuwa kwenye bati.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba kutu katika magari ya kale ilitokana na muundo wa maboksi yaliyofungwa, ikaharakishwa na chumvi ya pwani na tope la murramu; kwamba mbinu za nyundo, gesi, lihamu na puti zinaweza kusomwa kama dalili za wakati; na kwamba kiraka cha Afrika Mashariki kina uamuzi wa kitaalamu na wa kiuchumi ndani yake. Imeonesha vilevile kwamba si kila kiraka kinafaa kubaki, na kwamba mstari wa kugawa ni swali la iwapo kipande kinabeba mzigo au hakibebi.

Jambo la haraka ni muda. Mafundi waliojifunza kunyoosha kabla ya puti kutawala wanazeeka, na magari waliyoyatibu yanakatwa kila mwezi kwa nia njema ya kuyarembesha. Nyaraka za gereji bubu hazikuhifadhiwa katika makavazi yoyote ya taifa, kwa kuwa gereji hizo hazikuandika. Zilichoandika kimo ndani ya milango, chini ya mazulia ya sakafu na nyuma ya madigadi. Utafiti unaofuata ungepaswa kuanza huko, kwa kwenda na fundi mzee na kumwomba asome kwa sauti kilichoandikwa na wenzake.